Rimu Kubwa kwa Datsun ya Kale: Ushauri kwa Anayepanda Kilungu

Desemba inapokaribia, watu wa Ukambani wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa huanza kupanga safari ya nyumbani. Wengi watakuja kwa matatu na kwa magari ya kawaida. Wachache watakuja na gari ambalo watoto wa kijiji hulikimbilia kulitazama: Datsun 240Z iliyofufuliwa kwa miaka, Ford Escort ya miaka ya sabini, au Peugeot 504 iliyorudishiwa rangi yake ya kiwandani. Mwenye gari la namna hii huwa amemaliza injini, bodi na viti. Sasa macho yake yametua kwenye magurudumu. Rimu za awali anaziona ndogo, tairi anaziona nyembamba, na kila picha anayoona ya gari kama lake ina rimu za inchi 17. Ndipo anapouliza aweke inchi ngapi.

Jibu langu kwa atakayepanda milima ya Kilungu ni hili. Ongeza inchi moja, usizidi. Kimo cha gurudumu zima kibaki kama kilivyokuwa. Na usitoe shilingi kabla hujapima kwa mkono wako mwenyewe, juu ya gari lako mwenyewe. Nitaeleza sababu nikiitumia 240Z kama mfano, kwa kuwa ndilo gari la spoti lenye historia kubwa zaidi katika barabara za nchi hii, lakini hesabu zenyewe zinafaa gari lolote la kale.

Kwanza barabara. Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa na kuanza kupanda kuelekea Nunguni, unaingia nchi ya miinuko mikali, mashamba yaliyochongwa ngazi kwa mitaro ya fanya juu, na njia inayozunguka mlima huku bonde likiwa upande mmoja. Hata penye lami, kipande cha mwisho cha kufika nyumbani mara nyingi ni udongo mwekundu, wenye mawe yaliyojitokeza na mifereji iliyochimbwa na mvua. Juni na Julai kuna ukungu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba kuna mvua, na huku kwetu hiyo ndiyo mvua kubwa ya mwaka. Kwa hiyo safari ya Krismasi, ambayo ndiyo mwenye gari anaiota, inaangukia wakati udongo unateleza kuliko wakati mwingine wowote. Rimu iliyochaguliwa kwa ajili ya maegesho ya Nairobi haijajibu swali la Kilungu.

Swali la Kilungu lilikwisha kujibiwa na watu waliokuwa na sababu kubwa ya kulijibu vizuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schuller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo, katika mashindano yaliyokwisha Mehta akiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Na mwaka 2003 mbio za magari ya kale za East African Safari Classic zilipoanza, Rob Collinge alishinda kwa 260Z, ndugu mdogo wa gari lile. Gari la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Tafuta picha zake uzitazame kwa makini. Utaona rimu ndogo, tairi lenye ubavu mrefu, na nafasi ya kutosha kati ya tairi na fenda. Mafundi wa kiwanda, wenye uwezo wa kuagiza rimu yoyote waliyoitaka, walichagua mpira mrefu. Walijua kwamba katika barabara ya mawe, ubavu wa tairi ni springi ya kwanza ya gari, inayofanya kazi kabla ya springi ya chuma kujua kuna jiwe.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua inchi za rimu uzizidishe kwa 25.4 upate milimita. Kisha chukua upana wa tairi, utafute asilimia iliyoandikwa baada ya mkwaju, huo ndio urefu wa ubavu. Jumlisha rimu na mbavu mbili. Unapata kimo cha gurudumu.

240Z iliyouzwa nchi za nje ilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, upana inchi 4.5, na matairi ya 175. Tairi la leo lililo karibu zaidi na lile ni 175/80R14, lenye kimo cha milimita 636 na ubavu wa milimita 140. Sasa linganisha. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha milimita 634 na nusu: tofauti ni kama milimita moja tu, huku ubavu ukiwa karibu milimita 127. Tairi la 205/55R16 lina kimo cha 632, ubavu 113. Tairi la 215/45R17 lina kimo cha 625, lakini ubavu umebaki milimita 97. Yote manne yanaingia kwenye gari na spidomita haitasema uongo mkubwa. Kinachopungua ni mpira ulio kati ya rimu na jiwe. Ukitoka inchi 14 kwenda 17 umepoteza milimita 43 za mpira, yaani karibu theluthi moja ya kinga yote uliyokuwa nayo. Kwenye lami ya Thika Road hutaona hasara. Kwenye mfereji uliokatiza barabara, usiku, gari likiwa na watu wawili na mizigo ya sikukuu, rimu itapinda au kupasuka, na tairi litachanika ubavuni mahali ambapo mtu wa pancha hawezi kuziba.

Naipendekeza 195/65R15 kwa sababu nyingine isiyohusu hesabu. Hilo ni tairi la magari mengi ya Toyota yanayotembea nchini leo. Utalipata Wote, utalipata Machakos, utalipata Emali, jipya na la kampuni inayojulikana. Mwenye 215/45R17 akichanikiwa na tairi jioni ya tarehe 24 atangoja hadi maduka ya Nairobi yafunguliwe. Katika gari la kale, tairi linalopatikana karibu ni sehemu ya usalama.

Na kabla hujapanda hata hiyo inchi moja, jiulize kama unaihitaji. Rimu za inchi 14 zenye upana wa inchi 5.5, kama zile zilizokuja na 260Z, hubeba tairi la 195/70R14 vizuri, kimo chake milimita 629. Gari litasimama kama lilivyokusudiwa, ubavu utakuwa mrefu, na hutagusa chochote kwenye bodi. Usijaribu kulifunga tairi hilo kwenye rimu ya awali ya inchi 4.5. Rimu hiyo ni nyembamba mno kwa tairi la 195, na tairi litavimba katikati na kuyumba kwenye kona. Wengine hufunga 185/70R14 kwa kuwa linapatikana kila duka. Linafaa, ila ujue kimo chake ni 615, kwa hiyo gari linashuka milimita 10 na spidomita ikisema 100 wewe uko kama 97. Wenye Escort za rimu za inchi 13 wao wana sababu nzuri zaidi ya kupanda inchi moja au mbili, kwa kuwa tairi zuri la inchi 13 limekuwa adimu.

Kuna wanaofikiri tofauti: wanataka gurudumu refu zaidi ili gari liinuke. Wazo lina mantiki, lakini faida yake ni ndogo kuliko wanavyodhani. Ukifunga 205/70R15, kimo kinafika milimita 668, zaidi ya awali kwa milimita 32. Gari linainuka nusu ya hiyo tu, milimita 16, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa faida hiyo unalipa mambo matatu. Gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia tano, kwa hiyo klachi itaungua zaidi unapoanza kuondoka kwenye mwinuko. Spidomita itasema 100 ukiwa unakwenda 105. Na tairi litagusa fenda ya mbele unapokata usukani. Anayetaka gari liinuke aende kwa springi na shokabsoba. Magari ya Safari yaliinuliwa hivyo.

Sasa twende kwenye rimu yenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Datsun hizi zina bolti nne kwenye duara la milimita 114.3. Rimu nyingi zenye matundu manne zinazouzwa Kirinyaga Road zimetoka kwenye Toyota ndogo zenye duara la milimita 100. Kwa jicho zinafanana. Muuzaji atakuambia zinaingia. Usikubali. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mkabala nalo: ukipata milimita 114, endelea; ukipata 100, rudisha rimu mahali ulipoitoa. Escort nazo zina duara la 108, wala hazishirikiani na Datsun wala Toyota.

Hata rimu yenye duara sahihi inaweza kukataa kukaa. Tundu la kati la rimu nyingi za Toyota ni dogo kuliko habu ya Datsun, kwa hiyo rimu inaishia njiani bila kugusa uso wa habu. Ukiikaza hivyo, inashikiliwa na bolti peke yake na bolti zitakatika. Vilevile nati. Bolti za Nissan na Datsun zina nyuzi za milimita 12 kwa 1.25. Za Toyota ni 12 kwa 1.5. Nati ya Toyota huanza kuingia kwenye bolti ya Datsun, inazunguka mara moja au mbili, kisha inakwama. Mtu mwenye wilispana ndefu atailazimisha, nyuzi zitalika, na safari ya kurudi Nairobi utaifanya na gurudumu lililoshikwa na nati zilizolegea. Rimu za alumini huhitaji nati zilizotengenezwa kwa ajili yake, maana kuna zenye kiti cha mshazari na kuna zenye shingo ndefu na washa. Nunua nati pamoja na rimu, za rimu hiyo hiyo, na ukiweza badilisha bolti zote za habu. Bolti za miaka hamsini zimekwisha kukazwa na mikono mingi.

Kuhusu aina, wapenzi wa gari hili huzitamani Watanabe za Japani zenye mikono minane, na Minilite za Uingereza. Zote mbili ni rimu nzuri na zinaendana na umri wa gari. Lakini nakala zake zimejaa sokoni. Geuza rimu uitazame kwa ndani: rimu iliyofanyiwa majaribio kwa kanuni za Japani hupigwa muhuri wa JWL, na mara nyingi na ule wa VIA. Ambayo haina muhuri wowote, haina hata kipimo chake kilichochongwa, iache. Rimu iliyotumika ichunguzwe kama imewahi kupinda na kunyooshwa. Mwambie fundi aizungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi, na uangalie ukingo wa ndani, si ule wa nje uliopakwa rangi. Rimu iliyochomelewa ufa usiibebe mlimani, hata ukiambiwa aliyechomelea ni bingwa.

Kisha pima uzito. Ipeleke rimu moja kwenye mzani wa duka la nafaka, au ule wanaopimia parachichi, uilinganishe na rimu ya awali. Gari hili lina uzito unaozidi kidogo tani moja, na kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu haibebwi na springi, inaruka pamoja na tairi. Gurudumu zito likigonga shimo hurudi chini polepole, na wakati limo hewani halina breki wala usukani. Rimu ya bei nafuu ya inchi 17 pamoja na tairi lake inaweza kuzidi gurudumu la awali kwa kilo kadhaa kila kona. Rimu nzuri ya inchi 15 yaweza kuwa nyepesi kuliko ile ya chuma.

Jambo linalofuata ndilo mafundi wetu huliruka zaidi. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaolala kwenye habu. Ndiyo inayoamua gurudumu likae ndani au litoke nje. Chukua mfano: ukitoka rimu ya inchi 4.5 kwenda ya inchi 6 bila kubadili ofseti, rimu imepanuka milimita 38, yaani 19 zimeingia ndani na 19 zimetoka nje. Ofseti ikipungua milimita 10, gurudumu zima limesogea nje milimita 10, kwa hiyo sasa ndani zimeongezeka 9 na nje 29. Tairi lenyewe halipanuki kiasi hicho, kwa kuwa kutoka 175 hadi 195 ni milimita 20 hivi, ila ukingo wa rimu na bega la tairi ndivyo vitakavyogusa, na unapaswa kujua vitagusa wapi.

Katika 240Z sehemu zinazogusa zinajulikana. Nyuma, upande wa ndani, tairi hukutana na sahani ya springi iliyo kwenye struti. Mbele, gari likikata kona kali, bega la tairi hutafuta ukingo wa chini wa fenda na kipande cha bodi kilicho chini ya bampa. Nyuma, upande wa nje, ni mdomo wa fenda. Kwa gari lisiloshushwa, rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6, na tairi la 195/65, kwa kawaida vinakaa bila ugomvi kama ofseti imechaguliwa vizuri. Lakini magari haya yamepita mikononi mwa mafundi wa bodi kwa nusu karne. Kuna ambayo upande wa kulia na wa kushoto vinatofautiana kwa milimita kadhaa kwa sababu ya ajali ya zamani. Ndiyo maana kipimo cha mtu mwingine, hata awe na gari kama lako, kitumie kama fununu tu.

Kupima kwenyewe hufanywa hivi. Azima gurudumu moja la kipimo unachokitaka. Likifungwa gari likiwa limesimama tu, hujapima kitu. Gurudumu lazima lipitishwe safari yake yote, kutoka chini kabisa hadi pale struti inapogonga kizuizi cha mpira. Fundi anaitoa springi kwenye struti, anairudisha struti tupu, anafunga gurudumu, kisha analiinua taratibu kwa jeki huku wewe ukizungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Kila hatua ingiza kidole kati ya tairi na chuma. Nataka milimita 10 zibaki mahali pa ndani na zaidi kidogo upande wa fenda, maana bushi za gari la kale hucheza na tairi likiwa kazini hupinda. Onyo moja: springi ya struti ikibanwa ina nguvu ya kuua. Itolewe kwa kifaa chake cha kubania, kwenye gereji, na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Isifunguliwe kwa waya na kamba nyuma ya nyumba.

Ukikuta tairi linagusa, mtu atakushauri mambo mawili. La kwanza ni kukata au kukunja mdomo wa fenda. Gari ulilolifufua kwa gharama kubwa usilikate. Rangi mpya ikikunjwa hupasuka, maji ya mvua huingia kwenye ufa, na 240Z ni gari linalojulikana ulimwenguni kote kwa kutu. Pia siku ukitaka kulipeleka Africa Concours d'Elegance, yale maonyesho ya Nairobi yanayofanyika tangu 1970, au kumuuzia mtu anayejua thamani yake, fenda iliyokatwa itaonekana. Ushauri wa pili utakuwa speisa, yale mabamba ya kusogeza rimu nje. Speisa nyembamba iliyochongwa vizuri, inayokaa kwenye habu na yenye bolti ndefu za kutosha, inaweza kukubalika. Speisa iliyochongwa kwa kukadiria, isiyo na kiti cha habu, isikanyage barabara ya mlima. Kama rimu haikai bila speisa nene, hiyo si rimu ya gari lako.

Gurudumu lililotoka nje sana lina madhara mengine yasiyoonekana gereji. Usukani wa gari hili hauna msaada wa mafuta. Unaugeuza kwa mikono yako. Ukifunga tairi pana lililosogea nje, kuegesha sokoni Nunguni siku ya soko kutakuchosha mabega, na kila mfereji utaunyakua usukani mkononi. Beringi za magurudumu nazo hubeba mzigo kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Na tairi linalochungulia nje ya fenda hurusha mawe na tope jekundu kwenye milango uliyoipaka rangi juzi.

Upana unanipeleka kwenye mvua. Wengi huamini tairi pana hushika zaidi popote. Kwenye lami kavu, ndiyo. Kwenye udongo wetu uliolowa, tairi pana lenye meno mafupi hukaa juu ya tope na kuteleza, ilhali jembamba hukata hadi chini penye udongo mgumu. Ndiyo sababu nyingine ya kukomea 195. Chagua tairi lenye mifereji ya kina na mabega yenye meno, usichukue la mashindano ya lami.

Unaponunua, soma ubavu. Namba nne za mwisho za DOT ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno kamili lakini la miaka mingi limekauka, na kwenye mteremko mrefu litachubuka meno kwa joto. Matairi yaliyotumika ya kutoka Japani yanavutia kwa bei. Kwa gari hili nakusihi ununue mapya. Herufi baada ya namba ni ya spidi: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Namba ya mzigo 91 maana yake kila tairi linabeba kilo 615, zaidi ya kutosha. Jiepushe na yenye herufi C, ya magari ya mizigo. Ni magumu na hayatoboki ovyo, lakini kwa gari la tani moja yatarukaruka na breki zitapungua nguvu kwenye mvua.

Breki nitazitaja kwa ufupi kwa sababu sheria yake ni fupi. Rimu kubwa haziongezi breki hata kidogo. Kushuka kutoka Nunguni kunazichemsha, na mafuta ya breki yaliyokaa miaka huchemka na kukuacha na pedali inayozama. Badilisha mafuta na mipira ya breki kabla ya kununua rimu, na ushuke kwa gia ndogo.

Siku ya kufunga, kaza nati kwa kukatiza, kwa wilispana ya kupimia nguvu, gari likiwa chini. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100, maana rimu mpya za alumini hukaa polepole. Kiwanda kilipendekeza upepo wa psi 28 kwa matairi ya awali. Anzia hapo, pima asubuhi matairi yakiwa baridi, na usipunguze upepo ili gari liwe laini kwenye mawe, kwani ndivyo rimu zinavyogonga. Omba alaimenti ya mbele. Fundi akikuambia gurudumu limelala na anataka kulisimamisha, mkumbushe kwamba 240Z ya kiwandani hurekebishwa mwelekeo wa mbele tu. Kulala kwa gurudumu kunatoka kwenye bushi zilizokwisha au struti iliyopinda, na hizo ndizo za kutengeneza.

Spea isisahaulike. Jaribu gurudumu jipya kwenye shimo la spea lililo nyuma. Kimo kinalingana, lakini upana umeongezeka na huenda zulia lisilale sawa. Afadhali zulia lililoinuka kuliko spea ya kipimo kingine. Hakikisha jeki inaliinua gari na wilispana inaingia kwenye nati mpya, ukiwa bado mjini. Na uijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha rimu na matairi, ili siku ya ajali isipate sababu ya kukataa kulipa.

Rimu zako nne za awali usiziuze kwa mtu yeyote, hata akikupa bei nzuri. Zipige msasa, zipake rangi ya kuzuia kutu, uziweke pakavu pamoja na vikombe vyake. Rimu za inchi 14 za 240Z hazitengenezwi tena, na anayezihitaji kesho anaweza kuwa wewe. Kama unakusudia kupanda Kilungu Desemba hii, anza kupima Septemba, mvua haijafika, na upate mwezi mzima wa kuliendesha gari kwenye magurudumu mapya karibu na fundi wako.